Distroya za Japani: zilikuwa bora, basi kwa nini zilizama karibu zote?

Swali: "Babu yangu alikwenda Burma na KAR (jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) mwaka 1944, wakapandia meli Kilindini. Alikuwa akitusimulia jinsi walivyokaa sitahani usiku wakiyatazama maji kwa hofu ya Mjapani. Sasa mimi nafundisha Vita vya Pili vya Dunia, na nimesoma mahali kwamba vita vilipoanza distroya za Japani zilikuwa bora kuliko za nchi nyingine yoyote. Kama ni kweli, ilikuwaje karibu zote zikazama? Na je, ipo iliyosalia ambayo mtu anaweza kuiona leo?" Mwalimu wa historia, Tanga.

Mwalimu wangu, asante kwa swali, na babu kama ametangulia, Mungu amrehemu. Ulichosoma ni kweli, ila ni kweli nusu. Mwaka 1941 distroya za Japani zilikuwa bora duniani kwa kazi moja: kuvamia usiku na kupiga topido, yaani kombora linalokwenda majini. Hakuna jeshi la majini lililokuwa limejifua kwa kazi hiyo kama wao. Lakini vita vilipowaka, kazi hiyo walipata kuifanya usiku mchache tu. Siku zilizobaki zote manowari hizi zilibeba mchele, zilibeba askari, zililinda meli za mafuta na kuopoa watu majini. Mkuki ulifanywa jembe, na shamba lenyewe lilikuwa la mawe. Ukilishika hilo, mengine yote nitakayokueleza utayaona yanaangukia mahali pake.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe, kwa sababu wanafunzi wengi wakisikia "manowari" hufikiria jabali la chuma. Distroya siyo hivyo. Ni meli ndefu, nyembamba, nyepesi. Chukua zile za aina ya Kagero, ambazo ndizo Japani ilizitegemea sana: urefu wa mita 118 hivi, uzito kama tani 2,000, mabaharia wapatao 240, na mwendo wa kilomita 65 kwa saa. Bati la ubavuni ni jembamba, hata risasi za bunduki kubwa ya ndege hulitoboa. Chombo cha namna hii hakina ngao. Kinaishi kwa mbio, kwa giza, na kwa ubingwa wa waliomo ndani.

Na hesabu ya hasara ndiyo hii. Aina ya Kagero zilikuwa 19, ikabaki moja. Aina ya Yugumo zilizofuata zilikuwa 19 pia, haikubaki hata moja. Asashio kumi, zote zilizama. Shiratsuyu kumi, zote. Hatsuharu sita, zote. Za aina ya Fubuki zilijengwa 24. Moja ilizama katika ajali ya kugongana mwaka 1934, na katika 23 zilizoingia vitani zilisalimika mbili. Ukijumlisha na aina nyingine, Japani ilipoteza distroya zaidi ya 120. Ya kwanza ilikuwa Hayate, tarehe 11 Desemba 1941, siku chache tu baada ya Japani kuwashambulia Wamarekani Pearl Harbor, ilipopigwa na mizinga ya pwani ya kisiwa cha Wake. Ya mwisho ilikuwa Hatsushimo, iliyolipuliwa na bomu la kutegwa majini katika ghuba ya Miyazu, Japani kwenyewe, tarehe 30 Julai 1945. Zilibaki wiki mbili vita viishe.

Sasa kwa nini zilijengwa vile zilivyojengwa? Mwaka 1922 Japani ilitia saini mkataba wa Washington, uliowaruhusu kuwa na meli kubwa tatu kwa kila tano za Marekani na tano za Uingereza. Maofisa wao wakakaa na swali moja: mwenye tatu atampigaje mwenye tano? Jibu lao lilikuwa kwamba Wamarekani watalazimika kuivuka Pasifiki nzima kuja Japani, na njiani wapunguzwe kidogo kidogo kwa nyambizi, kwa ndege, na usiku wa mwisho kabla ya pambano kuu, kwa distroya zitakazotokea gizani na kumwaga topido. Kila kitu kilipangwa kwa ajili ya usiku huo mmoja.

Fubuki ya kwanza ilipokamilika mwaka 1928, mataifa mengine yalishtuka. Mizinga sita ya milimita 127 ndani ya vibanda vilivyofungwa, mirija tisa ya topido, vyote ndani ya chombo cha ukubwa ule. Lakini walikuwa wamekitwisha mno. Machi 1934 boti ya topido Tomozuru ilipinduka katika dhoruba kwa kuwa na uzito mwingi juu. Septemba 1935 tufani iliwakuta wakiwa mazoezini, na mawimbi yakazikata omo, yaani sehemu ya mbele, distroya mbili, Hatsuyuki na Yugiri. Ikabidi warudi kwenye karatasi, wapunguze uzito wa juu na kuimarisha mikuku. Kagero zilikuwa tunda la masomo hayo machungu, ndiyo maana zilikuwa vyombo vizuri sana baharini.

Silaha iliyowapa jina ni topido ya Aina ya 93, na hapa naomba tukae kidogo, maana bila kuielewa hii huwezi kuelewa yaliyotokea katika visiwa vya Solomon, huko Pasifiki. Topido za kawaida zilichoma mafuta yake kwa hewa iliyoshindiliwa. Hewa sehemu kubwa ni naitrojeni, haisaidii moto, nayo hutoka nyuma kama mstari wa mapovu meupe ambao mlinzi wa zamu anauona. Wajapani waliweka oksijeni tupu. Ni jambo la hatari: tone la mafuta ndani ya bomba la oksijeni linatosha kuleta mlipuko. Basi mabomba yaliundwa bila kona kali na kusafishwa kwa uangalifu mkubwa, na injini ilianza kwa hewa ya kawaida kwanza, kisha oksijeni ikaingizwa polepole. Matokeo yake ni topido ya mita tisa yenye uzito wa karibu tani tatu, kichwani ina kilo 490 za baruti, inakwenda kilomita 20 kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, na haiachi karibu mapovu yoyote. Topido ya distroya za Marekani kwa mwendo wake wa juu ilifika kilomita tano na nusu hivi, na katika miaka ya mwanzo nyingi zilikuwa mbovu, zikipita chini ya shabaha au zikigonga bila kulipuka. Isitoshe, Wajapani walibeba topido za akiba pamoja na mitambo ya kuzipakia upya palepale vitani. Adui akishaona zimepigwa alidhani mirija ni mitupu, kumbe baada ya kama dakika ishirini wanarudi na mzigo mwingine.

Upande wa pili wa mizani ulikuwa mwepesi. Kagero ilianza vita na mitutu minne tu ya milimita 25 ya kupigia ndege. Mabomu ya kushambulia nyambizi yalikuwa machache, na vyombo vya kusikilizia chini ya maji vilikuwa nyuma ya vile vya Uingereza. Rada hawakuwa nayo. Walitegemea macho ya mabaharia waliochaguliwa na kufunzwa kuona gizani, na darubini kubwa nzuri mno. Kwa usiku ule mmoja waliouwazia, haya yangetosha.

Agosti 1942 Wamarekani walishuka kisiwa cha Guadalcanal katika visiwa vya Solomon, wakateka uwanja wa ndege. Tangu hapo mchana wote ulikuwa mali ya ndege zao. Meli ya mizigo ya Kijapani inayotambaa kilomita 20 kwa saa haikuweza kufika ikiwa hai. Chombo kilichoweza kutoka visiwa vya Shortland jioni, kukata kama kilomita 500, kushusha mzigo usiku wa manane na kuwa mbali kabla ya jua kuwa kali kilikuwa distroya peke yake. Kwa hiyo distroya zikawa malori. Kila moja ilibanana askari kama 150 sitahani. Wamarekani waliita safari hizo "treni ya Tokyo". Mabaharia wa Kijapani wenyewe waliziita kazi ya panya, kwa kuwa hufanyika usiku.

Hata hivyo kushusha magunia kwa mashua kulichukua muda, na kukicha ukiwa pale umekwisha. Wakabuni mapipa. Pipa la chuma lilioshwa, likatiwa mchele na shayiri lakini lisijazwe, ili lielee. Mapipa yakafungwa kwa kamba moja ndefu kama shanga, yakapangwa sitahani. Distroya ikifika karibu na ufuko inayasukuma majini na kugeuza, na askari wenye njaa pwani wanavuta kamba. Ili kupata uzito wa mapipa 200 na ushei, ilibidi waache nyuma topido zote za akiba. Hebu litafakari hilo, Mwalimu. Silaha ambayo meli nzima iliundwa kuizunguka imeteremshwa gatini ili kupisha mchele.

Usiku wa tarehe 30 Novemba 1942, Admirali Tanaka Raizo alifika mbele ya Tassafaronga, pwani ya Guadalcanal, akiwa na distroya nane. Sita zilikuwa na mapipa. Majina yao nitayaandika yote, kwa sababu nitakurudisha kwao: Naganami, Takanami, Kuroshio, Oyashio, Kagero, Suzukaze, Kawakaze na Makinami. Mbele yao gizani walikuwa wakingojewa na kruza tano (manowari kubwa kuliko distroya) na distroya sita za Marekani zenye rada. Kwa karatasi, Tanaka hakuwa na nafasi. Alikuwa amepunguza mwendo karibu na ufuko, watu wake wako sitahani wakifungua kamba za mapipa, na Wamarekani wamekwisha kumwona kwenye rada. Walipofyatua, karibu mizinga yote ilielekezwa kwa Takanami, iliyokuwa karibu nao zaidi kama mlinzi. Ikawaka moto.

Tanaka alitoa amri moja: acheni mapipa, shambulieni. Zilizobaki karibu zote hazikupiga mizinga, maana mwanga wa mzinga humwonyesha adui ulipo. Zililenga kwenye mimweko ya Wamarekani wenyewe, zikamwaga topido, zikageuka. Ndani ya muda mfupi kruza Minneapolis na New Orleans zilipigwa, kisha Pensacola, kisha Northampton. New Orleans ilikatwa omo yote, kama mita 45 za meli. Kipande kile kikazunguka na kupita kikikwaruza ubavu wa meli yenyewe kuelekea tezi, yaani nyuma, na mabaharia waliokuwa nyuma wakadhani wanapita juu ya meli nyingine inayozama. Northampton ilizama. Wamarekani walipoteza karibu watu 400. Tanaka alipoteza Takanami na wengi wa mabaharia waliokuwamo ndani yake.

Ni mojawapo ya mapigano ya usiku yaliyopiganwa kwa ustadi mkubwa kabisa katika vita vile. Lakini shehena haikufika pwani. Askari waliokuwa wakingoja mchele walilala njaa usiku ule pia. Siku chache baadaye Tanaka alirudi, safari hii wakafanikiwa kuangusha mapipa 1,500, na katika hayo yaliyovutwa hadi nchi kavu yalikuwa 310 tu. Mengine yalikatika kamba yakaelea, na kulipokucha ndege zikayapiga risasi yakazama. Tanaka aliwaambia wakubwa wake wazi kwamba kisiwa kile hakishikiki. Kabla mwaka haujaisha alihamishwa Singapore, kisha akapewa kikosi cha nchi kavu na bandari huko Burma, nchi ileile babu yako alikopigana. Hakupewa tena manowari. Mimi naamini lilikuwa kosa kubwa, kumtoa baharini mtu aliyejua kazi kuliko wote kwa sababu ya kusema ukweli.

Kazi ya mwisho ya Guadalcanal ilikuwa kuwatoa waliobaki. Usiku mara tatu mwanzoni mwa Februari 1943, distroya ziliingia na kutoka na zaidi ya askari 10,000, wengi wao mifupa mitupu iliyovaa ngozi. Waliipoteza distroya moja, Makigumo. Wamarekani walidhani ni nguvu mpya inaletwa; walikuja kugundua kisiwa kitupu.

Sasa turudi kwa zile nane za Tassafaronga. Mimi hupenda kuwaeleza watu hasara ya distroya za Japani kwa kuzifuata hizi moja moja, maana ndani yake zimo karibu njia zote zilizowaua wenzao.

Takanami umeshaiona: mizinga, kwa kuwa mlinzi wa wabeba mapipa.

Kuroshio, Oyashio na Kagero zilikufa pamoja, tarehe 8 Mei 1943. Zilikuwa zikipeleka askari na vifaa kisiwa cha Kolombangara, kupitia mlango mwembamba uleule, usiku baada ya usiku. Wamarekani waliusoma mwenendo huo, wakaingia usiku mmoja na kutega mabomu majini. Alfajiri Oyashio iligonga, kisha Kagero, kisha Kuroshio, ambayo ilipasuka na kuzama mara moja. Mbili zilizobaki ziliganda pale hadi ndege zikafika kuzimalizia. Malori yana njia, na mwenye njia huviziwa.

Kawakaze ilizama katika ghuba ya Vella usiku wa tarehe 6 Agosti 1943. Zilikuwa distroya nne, tatu zimejaa askari na mizigo, ya nne ni Shigure ya Kamanda Hara Tameichi. Moja ya zile tatu ilikuwa Arashi, ambayo mwaka mmoja nyuma, katika mapigano ya Midway, ilibaki nyuma kuisaka nyambizi, kisha ilipokuwa ikikimbia kuwafuata wenzake marubani wa Marekani waliuona mkondo wake mweupe baharini na kuufuata hadi kwenye manowari za kubeba ndege za Admirali Nagumo. Vella, safari hii, rada ilikuwa nzuri zaidi na topido za Wamarekani zimesharekebishwa. Distroya sita chini ya Kamanda Moosbrugger zilijificha kwenye kivuli cha milima ya Kolombangara, zikaachia topido kabla ya kupiga mzinga hata mmoja. Ni mbinu ileile ya Kijapani, mwanafunzi amemrudia mwalimu. Arashi, Hagikaze na Kawakaze zilizama, na askari na mabaharia kama 1,200 wakafa. Topido moja ilipenya usukani wa Shigure na kutoka upande wa pili bila kulipuka. Wamarekani hawakupoteza mtu.

Makinami ilizama tarehe 25 Novemba 1943 karibu na rasi ya St. George, ikirudi kutoka kisiwa cha Buka ilikosindikiza distroya zilizobeba askari. Kamanda Arleigh Burke alizamisha tatu usiku huo, naye vilevile hakupoteza mtu. Ulikuwa umetimia karibu mwaka kamili tangu Tassafaronga, na giza lilikuwa limebadilisha mwenyewe.

Suzukaze ilipigwa na nyambizi Skipjack mwishoni mwa Januari 1944 karibu na Ponape, ikiwa inasindikiza meli. Na Naganami, aliyokuwa amepanda Tanaka usiku ule, ilizamishwa na ndege katika ghuba ya Ormoc, Ufilipino, tarehe 11 Novemba 1944, ikilinda meli za askari. Siku hiyohiyo ilizama Shimakaze, distroya pekee ya aina yake, yenye mirija 15 ya topido na mwendo wa zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Haikupata kuupigana ule usiku mkuu iliyoundiwa. Wachunguzi waliikuta chini ya maji mwaka 2017.

Nane zote. Na katika nane hizo, kila iliyozama ilikuwa kwenye kazi ya kubeba au ya kusindikiza.

Kuhusu nyambizi inafaa niseme zaidi, kwa sababu hapa ndipo hadithi inapogusa pwani yetu. Aprili 1942 Nagumo aliivamia Ceylon (Sri Lanka ya leo), na Waingereza wakaiondoa sehemu ya kikosi chao cha Mashariki hadi Kilindini. Pamoja nao walikuja wasikilizaji na wavunja misimbo, ambao walipangwa katika shule ya Allidina Visram pale Mombasa, karibu na bahari. Ni hao, wakiwa Mombasa, waliouvunja msimbo wa meli za biashara za Japani mwaka huohuo. Meli ya mizigo ikijulikana itakuwa wapi lini, nyambizi huenda kuingoja, na distroya inayoisindikiza humkuta adui ameshajipanga. Nakuomba uwaambie wanafunzi wako habari hii; wengi wanapita nje ya ukuta wa shule ile bila kujua.

Hofu ya babu yako ilikuwa na msingi. Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa na mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na Maldivi, na watu karibu 1,300 walikufa. Distroya mbili za Uingereza, Paladin na Petard, ziliisaka na kuizamisha I-27 siku ileile, kwa gharama ya kutisha, maana mabomu ya kuitafuta yaliangushwa mahali ambapo manusura walikuwa bado wanaogelea. Lakini zilijua kumsaka adui aliye chini ya maji, na zilikuwa na vyombo vya kumpata. Distroya za Japani zilipungukiwa na elimu hiyo, na Wamarekani walilitambua hilo. Aprili 1944 nyambizi zao ziliagizwa kuzipa distroya kipaumbele, yaani badala ya kumkimbia mlinzi, wamfuate. Juni mwaka huo nyambizi Harder ilizamisha tatu ndani ya siku nne karibu na Tawi-Tawi: Minazuki, Hayanami na Tanikaze. Hii ya tatu ilikuwamo katika msafara wa Nagumo ulioivamia Ceylon.

Ni Harder hiyohiyo iliyoizamisha Ikazuchi tarehe 13 Aprili 1944, na hapakuokoka hata mtu mmoja. Ikazuchi siwezi kuitaja nikaipita. Tarehe 2 Machi 1942, siku moja baada ya mapigano ya pili ya bahari ya Java, kamanda wake Kudo Shunsaku alikuta majini mamia ya mabaharia wa Uingereza na Marekani, wamekaa usiku kucha wakielea, wengi wamepofushwa na mafuta mazito. Nyambizi zingeweza kuwapo. Alipandisha bendera ya uokoaji, akasimamisha meli, akaopoa watu 442, karibu mara mbili ya watu wake mwenyewe. Kudo alikuwa amehamishwa kabla meli haijazama. Alinusurika vita, akaishi kimya bila kuyasimulia. Dunia iliyajua kwa kinywa cha mmoja wa Waingereza aliowaokoa, Sam Falle, aliyekuja kuwa balozi.

Kuhusu ndege sitasema mengi, pigo moja latosha. Machi 1943, katika bahari ya Bismarck, distroya nane zilisindikiza meli nane za askari kwenda Lae, New Guinea. Ndege za Marekani na Australia ziliruka chini kabisa, zikarusha mabomu yakidunda juu ya maji kama jiwe la mtoto ziwani, hadi yakaingia ubavuni. Meli zote nane za askari na distroya nne zilizama.

Viwanda navyo vilitoa hukumu yao. Marekani ilijenga distroya 175 za aina ya Fletcher peke yake. Japani ilipokubali hatimaye kwamba inahitaji mlinzi wa kawaida na si mkuki wa usiku, iliunda aina ya Matsu: ndogo, za mwendo wa kilomita 52 tu kwa saa, zenye mizinga inayofaa kupigia ndege, na vyumba vya injini vilivyotenganishwa ili pigo moja lisiisimamishe meli. Ya kwanza ilikamilika Aprili 1944. Zilipatikana 32. Zilikuwa ndizo meli walizozihitaji tangu siku ya kwanza.

Swali lako la mwisho: zilizosalia. Ile Kagero moja iliyobaki ni Yukikaze. Ilipita Midway, Guadalcanal, bahari ya Bismarck, Kolombangara, Leyte, na Aprili 1945 ilikuwa katika msafara wa mwisho wa Yamato, manowari kubwa kuliko zote za Japani, ambao kati ya distroya zake nane zilipotea nne. Wajapani huiita meli ya bahati. Baada ya vita iling'olewa mizinga, ikawarudisha nyumbani zaidi ya Wajapani 10,000 waliokwama ng'ambo. Mwaka 1947 ilikabidhiwa kwa China, ikaitwa Tan Yang, ikatumika hadi ilipochakaa na kuvunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nanga yake ilirudishwa Japani, iko Etajima katika chuo cha wanamaji. Hibiki, mojawapo ya mbili za aina ya Fubuki, ilikwenda Urusi, ikaishia kuwa shabaha ya mazoezi. Kwa hiyo nzima ya kuipanda na kutembea ndani, hakuna.

Mabaki yapo. Kikuzuki, iliyopigwa na ndege Mei 1942, bado ipo kwenye maji mafupi karibu na Tulagi katika visiwa vya Solomon, kutu tupu, chuma kimetoboka. Nyingine ni Suzutsuki, nayo ilikuwa katika msafara wa Yamato. Bomu lilifumua omo yake, ikashindwa kwenda mbele bila kumeza maji, basi ikarudi Sasebo kinyumenyume, tezi ikitangulia, njia nzima. Walipofika na kufungua vyumba vya mbele, waliwakuta mabaharia watatu ndani ya ghala la risasi. Walikuwa wamejifungia kwa ndani na kuziba penye kuvuja ili maji yasipite kwenda nyuma, wakafia humo.

Baada ya vita hapakuwa na fedha za kujenga gati jipya. Suzutsuki na mwenzake Fuyuzuki zilivunjwa zikabaki mabodi matupu, zikakokotwa hadi Wakamatsu, mji wa Kitakyushu, zikazamishwa pamoja na distroya ya kale iitwayo Yanagi kuwa ukuta wa kuvunja mawimbi. Mbili hizo sasa zimefunikwa kabisa na saruji. Ya Yanagi ndiyo unayoweza kuitambua ukisimama pale: umbo la ubavu wa meli likitokeza kwenye zege, na bahari ikipiga upande mmoja tu.